Kumbukumbu ya sledi ya milimani: hatimaye inakata ubavu wa kushoto

Wakuu, imekubali. Sledi mpya, yaani pikipiki ya theluji, sasa inakata ubavu wa mlima (inapita kwa kukingama mteremko, haipandi wala haishuki) pande zote mbili bila kujichimbia. Kilichokuwa kinaisumbua ni mambo matatu yaliyoshikana, ukigusa moja jingine linaharibika, ndiyo maana kazi imekuwa ndefu hivi. Naweka vipimo hapa theluji ikiwa bado ipo, ili mwenye mashine ya aina hii ajaribu mwenyewe.

Mashine yenyewe: injini ya cc 850 ya mapigo mawili, turbo ya kiwandani (inayoisukumia injini hewa zaidi), traki, yaani mkanda wa mpira unaoisukuma mashine, ya inchi 165 kwa 16, meno ya inchi 3. Kiwanja ni Revelstoke, British Columbia, Kanada, upande wa milima ya Frisby Ridge na Boulder. Mji uko chini, kama mita 480 juu ya usawa wa bahari, ila kazi inafanyika karibu na mita 2,000. Theluji ya huku si ya kubahatisha. Mount Copeland, kaskazini-magharibi mwa mji, msimu wa 1971–72 ilipimwa zaidi ya mita 24. Kwa theluji kama hiyo traki ya 154 ni tamu ukiwa katikati ya miti, inageuka pale pale, lakini asubuhi ambayo unga, theluji laini isiyoshikana, umefika kiunoni utaitamani 165. Kuhusu 175 msimamo wangu haujabadilika: inapanda, ndiyo, ila kuigeuza ni kama kugeuza basi kwenye kichochoro.

Turbo kwanza, maana kila mtu anauliza hiyo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, nguvu ya farasi 165 wa chini ukiwafikisha mita 2,000 wamebaki kama 130. Watengenezaji Ski-Doo ndio waliotangulia kutoa sledi ya mapigo mawili yenye turbo ya kiwandani, modeli ya 2020, wakaahidi farasi 165 mpaka futi 8,000. Wapinzani wao Polaris wakafuata na injini ya Patriot Boost kwenye modeli za 2022. Kwa hiyo si kitu cha majaribio tena. Kwenye mashine hii nguvu ya juu mlimani ni ile ile ya bondeni, na mwendo wa kupanda moja kwa moja hauna lawama. Lawama iko pale unapotoa mafuta kidogo tu. Ukibonyeza lever ya mafuta kwa dole gumba injini inakawia kidogo, kisha inakuja yote kwa mkupuo. Kwenye uwanda hutaona. Kwenye ubavu, ule mkupuo ndio unaochimba shimo.

Sasa tatizo. Mlima ukiwa mkono wa kulia, sledi inasimama kwenye ukingo wa traki na kwenda itakapo mpandaji. Mlima ukiwa kushoto, inakwenda mita chache, mkia unaanza kushuka, pua inatazama juu, traki inazunguka bure na mashine inakaa kwenye handaki ililolichimba yenyewe. Kilo zaidi ya 200 kabla hujahesabu petroli, na kuitoa kwenye handaki la ubavuni ni kazi ya watu wawili na koleo.

Jambo la kwanza mtu analowaza ni kwamba kuna kitu kimekaa upande, kwa hiyo nilianza na ya upande. Traki: mkazo wake, kwa kuning'iniza uzito wa kilo 7.3 katikati ya urefu wa chini na kupima pengo, umetoka mm 33, na kwa mashine hii kinachotakiwa ni kati ya 30 na 35. Pengo kati ya reli ambazo traki inateleza juu yake na vibanio vya traki ni sawa kushoto na kulia. Skii zimevutwa pamoja kwa mpira wa kufungia mizigo ili kuondoa ulegevu, zikapimwa mbele na nyuma, ziko sawa. Springi za mbele zimekazwa kwa idadi ile ile ya nyuzi za skrubu. Wenye shokabzoba za hewa wapime presha nje kwenye baridi, wasipime gerejini. Ukijaza kwenye nyuzi joto 20 halafu ukatoka kwenye hasi 15, kama asilimia 12 ya presha kamili imeshakwenda, na kama upande mmoja unavuja kidogo ndipo tofauti inapojitokeza. Hapa hakukuwa na tofauti yoyote. Kila kipimo safi, na ubavu wa kushoto bado unachimba.

Dalili iliyofungua mlango ni kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi mchana kuliko asubuhi, hata kwenye theluji ile ile ya kivulini. Kinachobadilika kati ya asubuhi na mchana ni uzito wa nyuma. Theluji inayeyuka juu ya vipoozeo, inaganda tena kwenye mikono ya saspensheni na chini ya sehemu za kukanyagia, na kufikia saa saba kuna bonge la barafu kati ya traki na bodi. Juu yake weka begi la zana na galoni ya lita 10 za petroli, ambayo ni kilo 7 na nusu hivi, imefungwa mwisho kabisa wa bodi, nyuma ya mhimili wa traki. Uzito ulio pale unafanya kazi ya wenzo: unakandamiza mkia na kunyanyua skii, na traki inaingia kwenye theluji ikiwa imesimama zaidi badala ya kulala na kuipanda.

Hapo kipimo cha kuzama kwa nyuma ndicho kinachosema ukweli. Nyanyua bampa ya nyuma mpaka saspensheni inyooke yote, pima kutoka sakafuni. Kisha mpandaji apande na nguo zote, begi la mgongoni, buti, kila kitu, asimame pale anaposimama akiendesha, pima tena. Bila galoni tofauti ilikuwa sm 8, na mimi kati ya 7 na 9 ndipo ninapopapenda kwa mashine ya milimani. Na galoni na begi: sm 11.5. Hiyo si saspensheni tena, ni kitanda. Dawa ni kusogeza. Galoni imehamia mbele, imegusa mgongo wa kiti, begi la zana limepunguzwa, na springi ya nyuma imepanda hatua moja. Kuzama kumerudi sm 8.5 na mzigo wote ukiwemo. Barafu inagongwa kwa nyundo ya mpira kila mnapopumzika. Msigonge kwa koleo la chuma jamani, vipoozeo ni alumini nyembamba na maji ya injini yakimwagikia mlimani safari imeishia hapo.

Hilo lilipunguza tatizo, halikulimaliza. Cha pili ni strapu ya mbele ya saspensheni, ile inayozuia sehemu ya mbele ya traki isishuke kupita kiasi. Ukiilegeza, mbele ya traki inashuka, skii zinanyanyuka, na traki inaikabili theluji kwa pembe kali. Picha zinatoka nzuri, pua iko juu, lakini kwenye unga mzito inachimba. Ukiifupisha, pembe inalala na mashine inapanda juu ya theluji mapema. Strapu imefupishwa tundu moja, na kuondoka kutoka kusimama kumebadilika siku hiyo hiyo. Ila usukani ukawa mzito. Skii sasa zina uzito, na kwenye ubavu wenye tabaka gumu chini ya unga, skii ya upande wa juu inang'ata na kuizuia sledi isilalie ukingo wake. Tundu la pili halifai kabisa, mashine inakuwa ya barabarani.

Suluhu ya usukani mzito haiko kwenye strapu. Iko kwenye springi za skii. Zimelegezwa mizunguko miwili kamili kila upande, kwa spana ya ndoano, nyuzi za skrubu zikiwa zimefutwa na kupakwa mafuta kidogo kwanza. Anayezungusha kola (pete inayokaza springi) ya alumini yenye mchanga na chumvi ya barabarani ndani yake anatafuta hasara. Weka alama ya rangi nyeupe kwenye kola na kwenye mwili wa shokabzoba kabla hujaanza, ili hesabu isipotee. Springi laini za mbele zinaifanya sledi ilale kwa kuvutwa kidogo tu, na springi ya katikati ya traki haijaguswa. Wapo wanaokimbilia kuikaza hiyo ya katikati ili usukani uwe mwepesi. Inakuwa mwepesi kweli, lakini unarudisha skii hewani na umeifuta kazi yote ya strapu.

Bado kulia kulikuwa bora kuliko kushoto. Na hapa ndipo mashine haina kosa, kosa liko kwenye usukani. Lever ya mafuta iko mkono wa kulia. Mlima ukiwa kulia, mpandaji ameegemea huko, kiwiko kimekunjwa, dole gumba liko huru na mafuta yanapimwa tone kwa tone. Mlima ukiwa kushoto, mwili wote umehamia kushoto na mkono wa kulia umenyooka kuelekea bondeni. Dole gumba linavutwa na uzito wa mwili, halibonyezi tena, linaning'inia. Kila mashine ikiruka tuta dogo mafuta yanaongezeka yenyewe. Kwenye injini isiyo na turbo ungesamehewa. Kwenye hii, kule kukawia halafu mkupuo vinamaliza kazi: traki inazunguka, mkia unashuka, handaki.

Kwa hiyo kibanio kinachoshika lever kwenye usukani kimelegezwa, bolti mbili za alleni, kikageuzwa chini nyuzi kama 10, na kikasogezwa ndani mm 8. Ukisimama wima kinaonekana kimekaa vibaya. Ukinyoosha mkono kuelekea bondeni, dole gumba linaigusa lever katikati ya ncha yake badala ya kwenye kiungo. Cha ziada ni mshikio wa kati wa usukani. Kwenye ubavu wa kushoto mkono wa kushoto unashika huo mshikio na ndio unaovuta mashine ilale, wa kulia unabaki na kazi moja tu ya mafuta. Baada ya hapo tofauti ya pande mbili imekwisha. Sledi inakata ubavu wa kushoto kwa mwendo wa pole, skii zimegeuzwa kuelekea bondeni, ukingo wa traki umeshika, na alama inayobaki nyuma ni mstari mmoja mwembamba usio na shimo. Angalia upana wa mstari huo kuliko kuangalia mita ya mwendo. Ukianza kupanuka, mafuta yamezidi.

Ubavu wenyewe muuchague kwa akili. Miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndiyo inayoporomoka, na ndiyo mitamu kukata. Taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotabiri maporomoko ya theluji, isomwe asubuhi, kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, cha 457 kHz, kiwe kifuani, na simu ikae mbali nacho sm 20 kikiwa kinatuma, 50 kikiwa kinatafuta. Vishikio vya usukani vyenye joto na kamera navyo vinaingilia mawimbi. Koleo liwe la alumini. La plastiki ni zuri kwa kusafisha ngazi za nyumba. Theluji iliyoporomoka hukakamaa karibu kama zege, na koleo la plastiki litavunjika pale pale linapohitajika.

Mpango uliokuwa unafuata ni klachi: kubadilisha uzito wa pini zilizo ndani yake ili mizunguko ya injini ikae sawasawa kule juu. Umewekwa pembeni. Badala yake kimeingia kipima joto cha belti, ule mkanda unaopeleka nguvu ya injini kupitia puli mbili za klachi, na sasa siwezi kuachana nacho. Ni kihisi kidogo cha miale ya joto kilichofungwa ndani ya kifuniko cha klachi, kinatazama ubavu wa belti kati ya puli mbili, umbali wa mm 25. Kile cha mkononi, cha umbo la bastola, hakikusaidii kitu, maana mpaka ufungue kifuniko belti imeshapoa.

Kwenye unga, ikipanda vizuri, belti inasoma kati ya nyuzi 60 na 75. Kinachoipandisha si mlima. Ni kurudi nyuma ukiwa umekwama. Mwendo mdogo, mzigo mkubwa, belti inateleza kwenye puli, na namba inavuka 95 kabla sledi haijatoka kwenye shimo. Kwa hiyo huku ikifika 80 mafuta yanapunguzwa, ikikaribia 95 injini inazimwa na koleo linatoka. Belti nyingi zinazosemwa ni mbovu ziliungua hivi hivi, mtu akienda mbele na nyuma kwa dakika tano.

Kipima hicho kimeonyesha pia kwamba kwenye unga mzito sana joto linapanda polepole bila sababu ya mzigo. Matundu ya hewa ya kifuniko cha kushoto yanazibwa na theluji laini, wavu wa kiwandani una macho madogo mno. Kitambaa cha wavu chenye macho makubwa kidogo kimeshakatwa kwa umbo la tundu la juu, kinasubiri gundi ambayo haipasuki kwenye baridi. Silikoni ya kawaida ya bafuni imebanduka.