Watoto wawili, shule mbili

Mwaka 2022 mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili, na kila siku ya shule tulimwamsha saa kumi na nusu alfajiri. Tunakaa Kinyerezi, Dar es Salaam, na shule yake ya binafsi ilikuwa Tabata. Si mbali, ila gari la shule lilikuwa na mizunguko miwili na sisi tulikuwa wa kwanza kuchukuliwa, kisha lizunguke Segerea na Kimanga. Kuna asubuhi moja nilimwekea uji, nikaenda kuchukua sweta lake. Niliporudi alikuwa amelala, kijiko mkononi, uji unachuruzika kwenye tai. Nilimfuta, nikambeba mpaka barabarani, dada wa gari akampokea hata hajafumbua macho.

Tulimpeleka huko kwa sababu ya Kiingereza, na sababu hiyo naitetea hadi leo. Mimi nilisoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza nikakuta Baiolojia, Historia na Jiografia vyote vinafundishwa kwa lugha ambayo nilijua kuamkia tu. Miaka miwili nilikuwa nakariri nisichokielewa. Sikutaka mwanangu apite hapo.

Lakini mwisho wa mwaka ule ilikuwa zamu ya binti yetu kuingia darasa la kwanza. Tukakaa na mume wangu, tukaandika kwenye daftari: ada 1,900,000, gari 720,000, chakula 480,000, sare, vitabu na mitihani kama 200,000. Shilingi 3,300,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Wawili ni 6,600,000, na kipato chetu ni mshahara wake pamoja na duka langu dogo la vitenge. Juu ya hapo, binti alikuwa amepimwa hospitali tukaambiwa sikio lake la kushoto linasikia kidogo sana.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kaka abaki alipo, kwa kuwa ameshazoea, na mdogo aanzie shule ya serikali, ambako hakuna ada. Nikaenda kuiona ile iliyo jirani, dakika kumi kwa miguu. Nilimkuta mwalimu wa Hisabati anasahihisha. Madaftari yalikuwa 118, ya darasa moja. Watoto wanne kwenye dawati, wengine wameketi sakafuni karibu na mlango. Nikamweleza habari za wanangu wote wawili. Akaweka kalamu chini, akaniambia, "Mama, huyo mkubwa akifuatiliwa nyumbani, hapa anasoma vizuri tu. Huyo asiyesikia vizuri nisikudanganye, nitampoteza humu ndani."

Usiku ule tuligeuza mpango mzima. Kaka aende serikali, mdogo aende binafsi.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga. "Mkwe wangu, mnamtoa mtoto kwenye Kiingereza mnamrudisha nyuma?" Nilimweleza taratibu, akanyamaza, ila najua hakuridhika. Na shule ya zamani haikutoa barua ya uhamisho mpaka tulipomaliza deni la muhula wa mwisho, kwa hiyo anayefikiria kuhama aanze mapema: dai barua, na hakikisha una namba ya PReM ya mtoto, ile namba yake ya usajili wa mwanafunzi. Tulichagua ahamie darasa la tatu ili apate miaka miwili kabla ya upimaji wa darasa la nne.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu. Hesabu anazijua, lakini swali lenyewe halielewi. Aliniuliza, "Mama, kigawo ndiyo nini?" Insha zake za Kiswahili zilikuwa na maneno yaliyokatwa ovyo, "ana cheza", "tuli enda". Akashika nafasi ya 61. Nililia, sikumwonyesha. Tukawa tunasoma pamoja kila jioni, na kwa kuwa hakuna tena kuamka usiku, alikuwa na nguvu za kusoma. Jumamosi anaenda kwa jirani yetu anayefundisha sekondari, wanasoma hadithi za Kiingereza kwa muda wa saa mbili, namlipa 5,000. Hiyo siikosi hata mwezi ukiwa mbaya, maana kidato cha kwanza bado nakiogopa. Upimaji wa 2024 alifaulu masomo yote.

Kwa binti hatukurudi shule ile ile. Tangu 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule bora, na sisi pia hatukuuliza shule ipi imeshika namba ngapi. Tuliuliza darasa lina watoto wangapi na gari linapita saa ngapi. Tukapata ya Segerea, watoto 26, gari linafika kwetu saa kumi na mbili na nusu. Mwalimu wake anamkalisha mbele, upande wa dirishani, sikio zima likielekea darasani.

Kilichoniumiza zaidi ni swali la kaka mtu: "Mbona yeye anapanda gari mimi natembea?" Nilimwambia azibe sikio la kushoto kwa kidole, nikamgeuzia upande huo, nikawasha redio, nikamnong'oneza jambo. Hakusikia. Nikarudia mara tatu. Akatoa kidole, akakaa kimya.

Siku hizi wakisoma pamoja mkekani, yeye ndiye anayemsomea mdogo wake, na kabla ya kufungua kitabu huinuka na kuhamia upande wa kulia.