Chumvi mgongoni mwa ndama

Treni ya kutoka Paris ilinishusha Brive, nikapanda nyingine ndogo hadi Aurillac, mji mkuu wa mkoa wa Cantal. Mwenyeji wangu, mzee mfugaji, alikuwa akinisubiri stesheni na gari lenye harufu ya nyasi kavu na mbwa. Tukaanza kupanda milima. Zamani milima hii ilikuwa volkano. Mzee akanionyesha kwa fahari kilele cha Puy Mary, mita 1,783. Nilikumbuka Kilimanjaro, nikanyamaza. Mgeni ana adabu zake.

Kijiji chenyewe, karibu na Salers, ni nyumba chache za mawe meusi, na mapaa yake pia ni ya mawe. Shule ilishafungwa, watoto huchukuliwa na basi. Duka hakuna. Mkate huja na gari linalopiga honi mbele ya kanisa, na watu hutoka na vikapu. Hapo hakuna anayeagiza kabla ya kuwaamkia wote waliopo, "Bonjour messieurs-dames", na mimi niliyekuzwa kwa shikamoo nilijiona niko kwetu. Kando ya kanisa kuna mnara wa waliokufa vitani mwaka 1914 hadi 1918. Majina ya ukoo yanajirudia: ndugu na ndugu. Ni mengi kuliko watu niliowaona kijijini wiki nzima.

Lakini nilichofuata ni ng'ombe. Wa Salers ni wekundu wa kuiva, manyoya yamejikunja, pembe ndefu zimepinda kwenda juu. Alfajiri tukaenda malishoni. Ndama walikuwa wamefungiwa zizi lao, wanalia. Mzee akaita jina moja, akafungua mlango kidogo, akatoka ndama mmoja tu, akakimbilia kwa mama yake bila kukosea. Akanyonya kidogo, mzee akamvuta na kumfunga kwenye mguu wa mbele wa mama. Kisha akachota chumvi mfukoni, akamwagia ndama mgongoni. Mama akainamisha kichwa, akawa anamlamba mwanawe huku anakamuliwa.

Nilicheka kwa sauti. Mzee akadhani namcheka. Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba ng'ombe wetu wa kienyeji kule Kongwa nao ni hivyohivyo: asipomwona ndama, hashushi maziwa, hata umbembeleze. Tofauti ni hiyo chumvi. Mzee alinitazama kwa muda, akanipa kigoda chake cha mguu mmoja. Kilinishinda, nilianguka mara mbili, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Wafugaji wengi wa Ufaransa wameacha kuwakamua ng'ombe hawa kwa sababu maziwa yao ni machache na kazi ni nyingi, sasa huwafuga kwa ajili ya nyama. Wachache wanaowakamua bado hufanya hivyo kwa ajili ya jibini. Maziwa hayachemshwi, yakiwa bado na joto la ng'ombe humiminwa kwenye pipa la mbao liitwalo gerle, hutiwa dawa ya kugandisha, kisha lile ganda hukatwa, hukamuliwa maji, husagwa, hutiwa chumvi na kukandamizwa tena. Pipa halisuguliwi kwa sabuni. Vijidudu vilivyojificha ndani ya mbao ndivyo vinavyochachusha, kama kibuyu cha mtindi cha bibi yangu. Jibini la Salers huruhusiwa kutengenezwa kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Novemba tu, ng'ombe wakiwa wanakula majani mabichi. Gurudumu moja la kilo 40 hula lita 400 hivi za maziwa. Mzee alipolikata la mwaka jana, lilikuwa kali mpaka ulimi ukasisimka. Truffade, viazi vilivyokaangwa na jibini bichi linalovutika kama ulimbo, niliipenda zaidi, kusema kweli.

Usiku wa mwisho nilimpigia mama simu. Kwetu ilikuwa saa nne, hapa saa tatu na jua la Juni bado liko juu ya mlima, jambo ambalo hakuliamini. Habari ya chumvi aliisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Na ndama akifa, hao Wafaransa wanafanyaje?"

Nilitoka uani na simu mkononi nimuulize mzee. Madirisha yake yalikuwa yameshafungwa. Alikuwa amelala, maana ndama wanaanza kulia saa kumi na moja.