Toa

"Mwanangu, Kiswahili umejifunzia wapi?"

Leo ni Jumapili na swali lenyewe ni la Jumatatu. Nimekwenda nalo Mwanjelwa kununua maharage, nimerudi nalo kwenye bajaji, usiku nalala nalo. Jana wamekuja watu wa Iringa kumposa mdogo wangu, wakapokelewa vizuri, na mimi huku nagawa soda bado namsikia Mzee wa Vitanda, mteja wetu, akiniuliza. Wala hakupaza sauti. Angefoka ningejua pa kuiweka. Aliuliza polepole, kama daktari anayetaka kujua maumivu yameanza lini.

Ilikuwa hivi. Jumapili iliyopita jioni alimwandikia wakala wetu wa akili unde, programu inayowasimamia wateja matangazo yao ya mtandaoni, ujumbe mmoja: "Toa lile tangazo la vitanda vya futi tano, vimekwisha." Tangazo tulishalisimamisha tangu Ijumaa, yeye alitaka liondoke kabisa asilione tena. Wakala akapekua zana alizopewa, yaani vitendo anavyoruhusiwa kufanya, akakuta moja niliyoibatiza mwenyewe toa_tangazo. Chini yake nimeandika: "Hutoa tangazo la mteja." Akaitumia. Tangazo likarudi hewani kuita watu waje wanunue vitanda visivyokuwepo. Bajeti ya siku ni shilingi 15,000, lakini Jumatatu hadi alasiri lilikuwa limekula 21,000, kwa sababu kwenye Google Ads, kule tunakorushia matangazo, bajeti ya siku ni wastani tu, kuna siku inaweza kwenda hadi mara mbili yake.

Simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, nilisema toa."

"Ndiyo mzee, naona limetolewa."

"Limetolewa wapi, na watu wananipigia tangu asubuhi?"

"Limetolewa... yaani limerushwa."

Kimya. Nyuma yake nasikia randa inalamba ubao. Halafu ndiyo likaja lile swali, na mimi nikajibu: "Hapa hapa Mbeya, mzee." Hapa hapa Mbeya! Utadhani ananijazia fomu. Yalikuwepo majibu mia. "Samahani mzee" peke yake ingetosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nimejaa majivuno. Siku mbili nzima nilikuwa kwenye maelezo ya zana ya bajeti, kwa kuwa kule Google Ads kiasi huandikwa kwa maikro: shilingi 1 ni maikro 1,000,000, kwa hiyo 15,000 ya mzee inaandikwa 15,000,000,000. Niliweka mfano, niliweka onyo, nilihesabu masufuri kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kisha nikajikwaa kwenye neno la herufi tatu analolijua mtoto wa chekechea. Na wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anaona jina, maelezo, na vitu anavyotakiwa kujaza, basi. Nilichomwambia ndicho alichofanya.

Alhamisi, saa moja usiku, nikasikia hodi. Jirani yetu wa nyumba ya chini, kajifunika khanga mbili kwa baridi, simu mkononi.

"Dada, mama yako kasema siku hizi wewe ni wakala. Nataka kutoa elfu ishirini."

Nilimwangalia. Nikaanza kucheka, nikashindwa kunyamaza, nikashika mlango. Maskini naye akacheka bila kujua anachekea nini. Tangu nianze kazi hii nimemweleza Mama mara tatu kuwa naandika maelezo *kwa ajili ya* mawakala, naye kachukua alichokitaka. Nilimtolea jirani ile elfu ishirini mfukoni mwangu, akanirushia kwenye simu, na makato nikala mimi.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikamsimulia yote, na randa nikaiweka. Hakunihurumia. "Kutoa taka, kutoa sadaka, kutoa meno, kutoa salamu," akawa anarusha mawe pembeni ya ungo, "we ukaliacha hivyo hivyo bila sentensi?" Ni mwalimu, miaka thelathini darasani. Akaniuliza kama mtunga mtihani huwa anakaa chumbani na watahiniwa awafafanulie. Nikasema hapana. "Haya, leta karatasi."

Tukaandika pale pale, juu ya bahasha ya posa. Toa_tangazo tukaifuta. Ikawa washa_tangazo: "Hurudisha hewani tangazo lililosimamishwa. Pesa ya mteja huanza kutumika. Mteja akisema 'toa' na haijulikani anataka lirushwe au liondolewe, usitumie zana hii, muulize kwanza." Kwenye ondoa_tangazo nilitaka kuandika "hufuta", Mama akaniongezea: "na halirudi tena." Ni kweli, kule kilichoondolewa hakiwashwi upya. Ijumaa nikamwandikia wakala kwenye akaunti ya majaribio: "Toa tangazo la viti." Akajibu: "Nilirushe au niliondoe?" Nilimwonyesha Mama, akasema alama ya kuulizia ipo, vizuri.

Mzee nimemrudishia 21,000 yake. Kapokea, kaandika "Asante binti." Nimeisoma ile "binti" mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa ni saa nne usiku na baridi hii ya Julai haina huruma. Nasikia harufu ya mkaa kwenye korido. Mama ameingiza jiko chumbani tena na mlango kaufunga, dirisha ameliziba na blanketi tangu juzi. Nimemwita mara moja, hajaitika. Ngoja nikagonge.