Rasimu ya bluu chini ya wino

Wachoraji wenzangu wakiona kurasa zangu halisi za vibonzo huuliza ile mistari ya bluu iliyozagaa chini ya wino inaenda wapi, maana kitabuni haionekani hata kidogo. Hiyo ni rasimu yangu. Siifuti, na sina mpango wa kuanza kuifuta.

Penseli nyeusi inakudai mwishoni. Ukishapiga wino ni lazima upitishe raba ukurasa mzima, na raba haichagui. Inaondoka na penseli pamoja na sehemu ya wino, weusi unapauka, nyuzi za karatasi zinasimama. Ukirudi kuongeza mstari palepale, wino unatambaa. Mimi natumia nibu na wino wa chupa, kwa hiyo karatasi iliyosuguliwa nahesabu imeshaharibika. Bluu inaniepusha na hayo yote.

Asili ya mbinu hii ni viwanda vya uchapaji. Nilielezwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye chumba cha giza hapa Dar, na alinieleza kwa raha ya mtu anayeipenda kazi yake. Zamani ukurasa ulipigwa picha kwa kamera kubwa kabla ya kutengenezewa bati la kuchapia. Filamu yake, ya aina ya othokromatiki, ilihisi mwanga wa bluu na wa kijani, lakini mwekundu haikuuhisi. Kwa hiyo bluu hafifu ilitoka sawa na weupe wa karatasi, na nyekundu ikatoka nyeusi. Ndiyo sababu mafundi waliwasha taa nyekundu mle ndani na filamu isiungue. Na ndiyo sababu wapangaji wa kurasa waliandika maelekezo yao kwa bluu juu ya kazi yenyewe, kata hapa, sogeza pale, bila hofu kwamba yatachapwa.

Penseli inayosifiwa zaidi ni Col-Erase ya Prismacolor, namba 20028. Inafutika, na nta yake ni kidogo, kwa hiyo wino unashika. Usiichanganye na Premier namba 919 ya kampuni hiyohiyo: rangi inakaribiana lakini ile ina nta nyingi, na wino juu ya nta unajikusanya kama maji kwenye jani la mgomba. Wanaotumia penseli za kubonyeza wana Pilot Color Eno ya milimita 0.7, ile bluu laini, na Uni Nano Dia ya milimita 0.5. Zangu huletwa na watu wanaosafiri, kwa sababu Kariakoo na Posta sijabahatika kuzikuta.

Lakini usikae ukisubiri mzigo kutoka nje! Boksi la kawaida la penseli za rangi lina bluu ya anga ndani yake, na nyingine zinafaa kabisa. Mimi huzijaribu dukani. Stesheneri nyingi zina mashine ya kutoa kopi, basi naomba kipande cha karatasi, nachora mistari ya kawaida na mingine ya kukandamiza, naomba kopi moja. Kopi ikitoka nyeupe, nalipa. Halafu nyumbani napitisha wino juu yake kuona kama unateleza. Bluu iliyokolea usiiguse, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ileile.

Sasa, skana siyo ile filamu ya zamani. Skana inaona rangi zote, na ukiiachia iamue yenyewe katika hali ya nyeusi na nyeupe, mara nyingi itakuachia vipande vya rasimu vimekatikakatika. Skani kwa rangi, 600 dpi (nukta 600 kwa kila inchi), kisha tenganisha chaneli, yaani tabaka tatu za nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha, kila moja ikiwa na namba zake. Bluu ya aina hii kwenye kompyuta kwa kawaida huandikwa nyekundu 164, kijani 221, bluu 237, na nyeupe kamili ni 255 kote. Angalia hizo namba: kwenye chaneli nyekundu rasimu yako ni kijivu cha wazi, kwenye chaneli ya bluu karibu imeshapotea. Chukua ya bluu, sogeza kiwango cha weupe mpaka kwenye 200 hivi, ili chochote kilicho juu ya hapo kiwe cheupe kabisa, na kinachobaki ni wino peke yake. GIMP, programu ya kuhariri picha, inafanya haya yote na ni ya bure.

Ukishaelewa hilo, hata bluu si lazima. Penseli ya waridi hafifu inapotea vilevile kwenye chaneli nyekundu. Mimi hutumia waridi kwa mistari ya mtazamo (ile ya kuonyesha umbali na kina) na majengo, na bluu kwa watu, ili mkono wangu ujue unafuata nini wakati wa wino.

Na kwa wanaochora rasimu kwenye tableti: ipunguzeni iwe bluu hafifu sana, mkaichape kwenye karatasi nene, halafu mpige wino juu. Ulizeni kwanza kama printa ni ya wino wa maji. Ile ya poda inaacha utando juu ya karatasi, na nibu inauparuza tu bila kushika. Printa ya wino inazamisha rangi ndani ya nyuzi, na mstari wako unapita juu yake bila kukwama.