Soli yangu imebaki kwenye mierebi

Nilikwenda kuona milima, nikamaliza nusu ya siku vichakani, mguu mmoja peku.

Mpwa wangu anaishi Aurora, jirani na Denver, jimbo la Colorado huko Marekani, na Julai 2024 alinipeleka hifadhi ya Rocky Mountain National Park. Getini dola 30 kwa gari, na kabla ya hapo dola 2 za kupangiwa saa ya kuingia, maana siku hizi hata mlima unauona kwa miadi. Barabara ya Trail Ridge inapanda hadi mita 3,713. Mimi mtu wa Marangu, mteremkoni mwa Kilimanjaro, nikashikwa na kizunguzungu hali nimekaa kwenye kiti cha gari. Nikanyamaza, kijana asije akanihadithia nyumbani.

Tukateremkia magharibi, bonde la Kawuneeche, huko juu unakoanzia Mto Colorado. Kandokando ya maji ni mierebi. Neno hilo nililijua kanisani tu, nikidhani ni miti ya kukaa kivulini. Kumbe kule ni vichaka: fimbo nyingi zinachipua pamoja toka ardhini, majani membamba, mingi haikunifika kiunoni.

Buti nilizovaa nilizinunua mtumba Aurora kwa dola 12. Nilijiona mjanja: maisha yangu yote nimevaa mitumba ya Marekani, sasa naifuata kwa mwenyewe. Tukaacha njia kidogo kupiga picha, tope likaing'ang'ania soli, mguu ukatoka na buti la juu tu. Nikainama kuivuta soli. Ndipo kichaka cha mbele yangu kikakoroma.

"Mjomba," mpwa akasema kwa sauti ya chini, "inuka polepole."

Alikuwa musi, yule mnyama mkubwa wa porini ambaye wenyewe humwita moose, jike, na mtoto nyuma yake. Mtu asikudanganye kwamba ni kulungu tu. Begani ana kimo cha farasi, pua imening'inia kama soksi iliyolowa, na mdomoni alikuwa na tawi la mwerebi analivua majani bila haraka. Halafu masikio yakalala nyuma. Mapema, ndani ya gari, mpwa alikuwa amenieleza kwamba dubu hakimbiwi, ila musi unamkimbia ukajifiche nyuma ya mti, nami nikacheka. Sikucheka tena. Nilikimbia na soksi moja mpaka kwenye msonobari, tukasimama hapo dakika 40, mbu wakitutafuna kama walitulipia kiingilio.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kujitolea, aliyetupitisha njia nyingine huku akitugombeza kwa adabu. Kisha akatuonyesha uzio mrefu. Ndani ya uzio mierebi imenipita kichwa, imeshonana, ndege wanapiga kelele. Nje, hatua mbili tu, vijiti vilivyotafunwa. Udongo ni ule ule.

Alivyotueleza, mbwamwitu walimalizwa na watu zamani, wapiti, aina ya kulungu wakubwa, wakazidi. Musi 24 wakaletwa North Park, ng'ambo ya milima, mwaka 1978 na 1979, na kizazi chao kikavuka. Wote wanakula mwerebi. Sasa biva, yule mnyama wa jamii ya panya anayejenga mabwawa, naye anautegemea mti huohuo kwa chakula na kwa kujengea. Mierebi ikiisha, biva anahama. Bwawa linabomoka, mto unajichimbia chini, maji ya ardhini yanashuka, na mierebi iliyobaki inakauka mizizi. Uzio ni wa kumzuia mlaji mpaka mti urefuke. Mbwamwitu wamerudishwa Colorado Desemba 2023, lakini mzee alisema kumi hawatoshi hata kutisha.

Halafu akanyoosha kidole mlimani. Mstari umekatwa ubavuni, kama mtu amepiga rula. Ni mfereji, Grand Ditch, ulioanza kuchimbwa 1890. Unadaka maji ya vijito kabla hayajafika bondeni na kuyavusha mgongo wa milima kwenda kwa wakulima wa mashariki. Mwaka 2003 ukingo wake ulipasuka, tope na mawe vikamwagikia mto na mierebi.

Mfongo, kama mifereji yetu ya Uchagani! Nilitaka kumkumbatia. Babu yangu aliuchimba wa kwetu kwa jembe, nasi watoto tulizibua majani kila zamu ya ukoo wetu ilipofika. Siku hizi unapita mabomba ya plastiki, na kijito kilichokuwa na migomba na mikuyu kimebaki na mawe. Sheria inasema mita 60 toka kwenye maji usilime. Shamba letu liko hatua sita.

Chakula cha jioni mjini Grand Lake: mkate na vipande vya nyama, dola 18, maji mbali. Nilikula nimevaa kandambili za mpwa.

Usiku nikampigia mama. Musi hakumshangaa sana, buti alilicheka. Nilipofika kwenye mfereji akanikatiza.

"Na zamu ya kuusafisha ni ya nani?"

Sikumuuliza yule mzee.