Ukingo wa ziwa unahitaji sheria yenye mfuko

Bukavu, Jumapili jioni

Leo nimeshuka hadi Ziwa Kivu upande wa wilaya ya Ibanda, mahali ambapo ukuta mpya wa mawe umesogezwa ndani ya maji na nyuma yake kunamwagwa kifusi ili kiwanja kiongezeke. Matete yaliyokuwa yakituliza mawimbi na kuzuia udongo wa vilimani yameng'olewa yote. Sasa wimbi hugonga jiwe, hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga wa jirani. Mvuvi mmoja mzee amenionyesha kwa kasia lake pale tilapia walipokuwa wakichimba viota vyao vya duara.

"Mmeandika barua, Papa?" nimemuuliza.

"Tumeandika, mwanangu. Wanakuja, wanapima, wanaondoka."

Naiheshimu salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ambamo vijana wetu huokota chupa na kupanda mianzi, ila mche uliopandwa Jumamosi hauna nguvu mbele ya mtu mwenye hati ya kiwanja. Hata amri zinabaki karatasi zisipokuwa na msimamizi: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku na serikali ya Kongo Desemba 2017, lakini soko la Kadutu linaifungia hata vitunguu viwili, na taka hizo hufuata maji hadi bwawa la umeme la mto Ruzizi, huziba mitambo, nasi tukalala gizani.

Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliweka kisheria ukanda wa mita 50 kutoka ziwani. Kwetu sheria ya maji ipo tangu 2015; ninachodai ni kanuni ya mkoa itakayopima ukanda, kuuwekea mawe ya mpaka na kukataza hati mpya ndani yake. Pia uwe na fedha zake. Marekani, baada ya mafuta kumwagika katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, sheria ya 2012 iliagiza asilimia 80 ya faini za uchafuzi wa maji zirudi katika majimbo matano ya ghuba hiyo badala ya kumezwa na hazina kuu, na sehemu ya fedha hizo imerudisha fukwe na vinamasi. Sisi hatuna faini za namna hiyo, lakini kodi za bandari, za mitumbwi na za viwanja vya kando ya ziwa hukusanywa kila mwaka, na sioni kwa nini sehemu yake isifungwe kwa kazi ya ukingo pekee.

Najua mji huu una vilio vizito kuliko matete, na yeyote anayeshika madaraka atanijibu hivyo. Najua pia ubomoaji hupenda kuanzia kwa mnyonge. Ukanda huo ukianza kutekelezwa kwa kuvunja vibanda vya akina mama wauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, huku kuta za majumba zikiachwa, nitaupinga kwa sauti ileile ninayoutetea nayo leo.