Dada, sonona ndo nini?

Leo tulikuwa Temeke na vijana wa miaka 15 mpaka 17, tunaangalia kama maswali ya PHQ-9 yanaeleweka, yale 9 ya kupima sonona, yanauliza wiki 2 zilizopita ulikuwa unajisikiaje, maana ukimuuliza dogo kwa lugha asiyoielewa hata kama anavuta bangi hutajua anakimbia nini.

Mmoja kanyoosha mkono. "Dada, sonona ndo nini?"

Nikaeleza weee, kwamba ni ile huzuni nzito isiyoisha, mtu hana hamu wala nguvu ya kitu chochote.

Akanyamaza, anazungusha tu kifuniko cha peni, mara akasema taratibu, "Aaah. Sisi tunaiitaga kuisha chaji."

Wenzake wote wakatikisa vichwa kukubali.

Nimeyaandika hivyohivyo, mpaka sasa yamenikaa kifuani.

Jamani, mtaani kwenu hiyo hali mnaiitaje? Niandikieni hapa, kesho nayapeleka kwa timu.